Mwaka Ambao Mke Wangu Hakuniuliza

Wasifu wa mke wangu uliosomwa kanisani siku ya mazishi ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, na ile nusu ilikuwa shukrani kwa madaktari. Alizaliwa upande wa Farkwa, akabatizwa, akasoma mpaka la saba, akaolewa, akazaa watoto wanne, akaugua, akafariki. Nilikaa kwenye kiti cha mbele nikitaka kusimama niseme, ngojeni, mmeruka! Mmeruka yote! Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu, maana alijua baba yake anataka kuinuka. Basi siku ile nikanyamaza. Leo sinyamazi. Nimenunua daftari kubwa, na ingawa shule yangu iliishia darasa la tatu, kuandika najua, na yule mwanamke nilimjua kuliko aliyeandika ule ukurasa.

Jambo moja niliweke sawa tangu mwanzo. Ukiusikiliza ule wasifu haraka haraka, kwa kuwa ulitaja mwaka wa ndoa ya kanisani tu, utadhani nilimwoa juzi juzi, wote tuna mvi. Nilimwoa nikiwa kijana mwenye misuli. Ndoa ya kanisani ilikuja miaka ishirini na sita baadaye. Ilichelewa, na aliyeichelewesha ni mimi, sina mtu wa kumsingizia. Habari yake nataka kuisema yote, kwa sababu sijapata kumwona mtu mzima akifurahi vile, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile miguu yangu haitulii chini ya meza.

Mimi ni Mgogo wa Mvumi, na kazi yangu ni mawe. Nilianza kama kibarua wa kupasua. Unapanga kuni juu ya mwamba, unachoma kutwa, mwamba ukishapata ufa unaingia na mtaimbo na nyundo. Sasa nina machimbo yangu mwenyewe upande wa Ihumwa na tipa mbili, na ukipita mjini ukayaona majengo mapya ya serikali, ujue baadhi yamekalia kokoto zangu. Sikupewa na baba wala mjomba. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Haya, na kujisifu kidogo.

Enzi hizo za ukibarua, bosi wetu alitutuma Farkwa kuchimba mawe ya msingi wa zahanati. Mke wangu alikuwa mmoja wa wasichana waliokuwa wakileta maji ya ujenzi. Ni Msandawe, na Wasandawe wana lugha yao ya kualika ulimi, maneno yanalia kama kuni mbichi motoni. Nikamwomba anifundishe salamu. Akaitamka. Nikajaribu. Nikajing'ata ulimi mpaka damu. Alicheka akaiweka ndoo chini.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini? Nimejing'ata!"

"Ndiyo maana nakwambia urudie. Ulimi bado mgeni huo."

Sikuiweza siku ile na sikuiweza mpaka anakufa. Mama yake alikuwa ameshafariki, na yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa kiume, akamlisha kwa asali aliyokuwa akiinunua kwa warinaji porini na kwenda kuiuza mnadani. Mdogo wake alisoma kwa asali ile, akawa katekista wa kijiji chao. Kwa mdogo wake huyo mke wangu alikuwa dada na mama kwa pamoja, na mimi nikawa shemeji wa kutaniwa milele.

Nilipeleka ng'ombe wa mahari. Wazee wao waliwapokea, wakala, wakanywa, wakatubariki. Kwangu mimi ndoa ikawa imekwisha hapo, safi kabisa. Mke wangu alitegemea kwamba baada ya mavuno tutakwenda kwa padri. Nikamwambia mwakani.

Hapa nieleze kwa asiyejua. Mkatoliki anayeishi na mume bila ndoa ya kanisa haruhusiwi kupokea Komunyo, ule mkate mtakatifu ambao wao wanaamini ni Yesu mwenyewe anaingia ndani ya mtu. Anaruhusiwa kusali, kuimba, kufagia kanisa, kulea watoto wa wenzake, kupika kwenye sikukuu zao, lakini watu wakiinuka kwenda kupokea, yeye anabaki kwenye benchi. Mke wangu alibaki kwenye benchi tangu tulipooana. Hakukosa Jumapili hata moja isipokuwa za kujifungua, na hata hizo alilalamika.

Na mimi kizuizi changu kilikuwa nini? Kiburi, basi. Nilibatizwa Mvumi nikiwa mchanga, kwenye kanisa jingine la Kikristo, na tangu hapo mimi na kanisa tulikuwa tunasalimiana kwa mbali. Paroko wake alisema hakuna tabu, si lazima nibadili dhehebu, nije tu kwenye mafundisho ya ndoa, nilete cheti cha ubatizo na barua ya jumuiya yetu. Mimi nikasema, mtu niliyeoa kwa ng'ombe hai, niende kukaa kwenye kibenchi nifundishwe kuoa na kijana ambaye hana mke? Na tena nikaombe barua kwa majirani, wathibitishe kwamba mimi naishi na mke wangu? Kwani wao walidhani naishi na nani?

Yeye hakugombana. Aliuliza mara moja tu kwa mwaka. Jumatano ya Majivu, siku mfungo wa Kwaresima unapoanza, alirudi kutoka kanisani na alama ya majivu kwenye paji la uso, akasimama mbele yangu bila hata kuvua viatu.

"Baba watoto, mwaka huu je?"

"Mwakani."

"Haya," na anaingia jikoni. Hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Alipasua kokoto pamoja nami akiwa na mtoto mgongoni, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kuzishinda nyundo zote. Vibarua walikuwa wanagonga kwa mdundo wake, na siku asipokuja kazi ililala. Tulijenga chumba kimoja, tukajenga vitatu, tukajenga nyumba yenye baraza. Majivu, swali, mwakani. Majivu, swali, mwakani.

Na kuna siku nilifanya vibaya zaidi, lazima niseme. Jumuiya ni kikundi cha majirani Wakatoliki wa mtaa, wanasali kwa zamu nyumba hadi nyumba. Zamu ya mke wangu ilipofika, Jumamosi asubuhi, walikuja watu kama thelathini wakajaa barazani. Mimi nilikuwa nimeamka vibaya. Nikatoka uani na nyundo, nikaanza kugonga mawe. Hayakuwa na haraka yoyote yale mawe! Wakisoma, nagonga. Wakiimba, nagonga zaidi. Mwenyekiti wao, mama mmoja muuguzi mstaafu, alifunga kitabu akasema, "Twendeni tukamalizie kwangu." Wakatoka wamepanga mstari mmoja, mke wangu nyuma yao amebeba mkeka. Hakunisemesha siku mbili, na siku ya tatu alinisemesha kama hakuna kilichotokea, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe.

Binti yetu mkubwa alipata mchumba, kijana wa wizarani, mtu wa Songea, mpole, anasema shikamoo kwa kuinama. Barua ya uchumba ikaja, tukaijibu, harusi ikapangwa Jumamosi baada ya Pasaka. Nyumba ikachangamka. Mke wangu alikuwa anatembea huku anacheza. Kisha binti akaja machimboni peke yake siku moja, na viatu vyake vya ofisini, akaniambia, "Baba, siku ya harusi yangu mimi na mume wangu tutapokea Komunyo, na mama aliyenifundisha kusali atakaa kwenye benchi anatuangalia. Nimekwambia tu. Sikuombi kitu." Akageuka akaondoka na vumbi mpaka magotini.

Nikasema, haya. Nikasema moyoni, Jumatano ya Majivu akiniuliza, mwaka huu nakubali. Niliandaa na jibu. Nilipanga nisikubali haraka, nimwache asubiri kidogo, halafu niseme, kama mtu anayetoa zawadi.

Jumatano ikafika. Akarudi na majivu yake usoni. Nikajipanga kwenye kiti. Akanipita! Akaenda jikoni akaanza kumenya vitunguu. Nikamfuata. Nikasimama mlangoni. Nikakohoa.

"Unataka maji?" akauliza.

"Hapana."

"Chai?"

"Hapana." Nikazunguka nyumba, nikarudi kwa mlango wa nyuma. "Leo ni Jumatano," nikasema.

"Ndiyo, leo Jumatano."

"Ya majivu."

"Baba watoto, nayaona mimi hayo majivu? Wewe ndiye unayeyaona."

"Mbona huniulizi?"

Akaacha kisu. "Nikuulize nini tena. Nimeuliza mpaka nimezeeka. Binti anaolewa, nina furaha yangu, sitaki kuitia mchanga kwa mwakani yako. Mwaka huu nimeamua nifurahi tu."

Nakwambia, nimeangukiwa na jiwe mguuni nikavunjika vidole viwili. Havikuuma vile. Mtu umekaa na ndiyo yako mkononi, na anayeitaka haitaki tena!

"Basi mimi nakujibu bila kuulizwa," nikasema. "Mwaka huu. Kabla ya binti. Au siku hiyo hiyo, vyovyote mnavyofanya."

Aliniangalia kama anayesoma bei asiyoiamini. Kisha akafunika uso na kanga, na sikujua kama analia au ni vitunguu, na nilipomuuliza alisema vitunguu, na alipoishusha kanga alikuwa anacheka.

Mafundisho nikaenda. Nilikaa kwenye kibenchi na vijana wenye simu, magoti yakinifika kidevuni, na yule kijana asiye na mke alinifundisha kuoa, na nikiri kwamba mengine sikuwa nayajua. Cheti nikakifuata Mvumi mwenyewe. Ikabaki barua ya jumuiya. Bila barua paroko hawezi kuendelea, na mwenyekiti ni yule yule wa siku ya nyundo. Nikamwendea. Alinikaribisha kiti, akanipa maji, akanijibu kwa upole mbaya.

"Mzee, mimi siwezi kuandika kwamba jumuiya inakufahamu. Jumuiya inaifahamu nyundo yako. Tutakuja kusali nyumbani kwako, watu wakuone, wakusikie, waseme wenyewe. Ijumaa ijayo tuna Njia ya Msalaba, kituo cha mwisho kitakuwa kwenu."

Nikarudi nimesimama wima. Ijumaa! Nikasema nitawaonyesha watu hawa mimi ni nani. Sikumwambia mke wangu, maana nilitaka iwe ya kumshtua. Nikanunua mbuzi wawili wanene kutoka kwa mfugaji wa Bahi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mwislamu, Mrangi wa Kondoa, ndiye anayechinja kwa mtaa mzima. Akachinja kwake, mkewe akapika pilau la sufuria mbili kubwa, mbuzi mmoja akaingia kwenye pilau, mwingine tukambanika. Mke wangu alikuwa kanisani tangu asubuhi na akina mama wenzake, hakujua kitu. Shemeji yangu katekista alikuwa ametoka Farkwa na pikipiki kuja kushuhudia, naye alikwenda moja kwa moja kanisani.

Saa kumi na moja jioni nikawasikia. Wanaimba taratibu, wanapita mtaa kwa mtaa na msalaba wa mbao mbele, wanakumbuka mateso ya Yesu kituo kwa kituo, wanapiga magoti kwenye vumbi, wanainuka. Watu arobaini, labda zaidi. Wakaingia getini kwangu. Mimi nimevaa shati jeupe, nimesimama barazani kama waziri. Wakasali kituo cha mwisho, na mimi nikapiga magoti yangu mabovu pamoja nao, nyundo ikiwa imefungiwa stoo. Walipomaliza nikapiga makofi, na mke wa jirani akafunua masufuria.

Harufu ile! Mbuzi, mdalasini, bizari! Nikangoja vigelegele.

Watu arobaini wanaangalia masufuria na hakuna anayesogea. Mtu mmoja nyuma akameza mate kwa sauti, kila mtu akamsikia.

Mwenyekiti akaja mbele. "Mzee, hii ni nini?"

"Mbuzi."

"Leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Ijumaa ya wiki hii! Kwani kuna nyingine?"

Mke wangu alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Baba watoto," akasema polepole, "Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama."

Msinicheke. Ijumaa mimi nilikuwa nakula machimboni kwa mama ntilie, na jioni nikikuta maharage nyumbani nilidhani bucha limefungwa mapema. Miaka ishirini na sita! Hata jirani yangu aliinua mikono juu ya ukuta akasema, "Mzee mwenzangu, mimi nilidhani unajua, wewe ndiye mwenye Wakristo."

Uso ukaniwaka. Nikajitetea kwa sauti, "Mbuzi hana kalenda!" Baadhi wakaanza kucheka, na mimi kuchekwa nyumbani kwangu sikuzoea. Nilihisi maneno yanapanda, maneno ya kuwaambia wote watoke, waende zao na msalaba wao. Yalifika hapa, kooni. Na mwenyekiti hakunisaidia.

"Mara ya kwanza tulipokuja hapa ulitufukuza kwa nyundo," akasema. "Leo unataka kutuangusha kwa pilau."

Nikamwangalia mke wangu. Hakuwa ananiangalia kwa kunionya. Alikuwa anaangalia chini, kwenye vidole vyake vya miguu vyenye vumbi, kama mtu anayengoja kusikia gari limeondoka bila yeye. Nikajua nikifungua mdomo vibaya hapa, hakuna barua, hakuna ndoa, na siku ya harusi ya binti yake atabaki kwenye benchi, na hataniuliza tena maisha.

Nikasema, "Mama mwenyekiti, la nyundo nilifanya makusudi. La pilau sikujua. La kwanza naomba mnisamehe. La pili mnifundishe."

Sijui yalitoka wapi maneno yale. Sikuwahi kuomba msamaha mbele ya watu, hata kwa polisi. Kisha nikamsikia shemeji yangu. Alikuwa amekaa chini kabisa, amekumbatia magoti, anatetemeka kwa kicheko.

"Shemeji," akasema, "Bwana wetu alijaribiwa jangwani kwa mawe yageuke mikate. Wewe wa mawe umezidi, umeyageuza mbuzi wa kubanika!"

Basi wakapasuka. Watu walishikana mabega. Hata mwenyekiti aligeuka ukutani, nikaona mgongo wake unacheza. Na mke wangu, ah, mke wangu aliinua uso, akajifunga kanga kiunoni kwa fundo moja. "Akina mama, sufuria! Nani ana unga wa uwele? Wewe, kalete mlenda jikoni kwangu, ule wa kukausha, uko kwenye debe nyuma ya mlango. Na wewe katekista, acha kugaagaa, washa moto!"

Mwanamke yule! Kabla jua halijagusa mlima palikuwa na ugali wa watu arobaini. Pilau lilipita juu ya ukuta, sufuria zote mbili na mbuzi wa kubanika, likaenda kwa jirani na kwa vibarua wangu Waislamu na kila mpita njia asiye Mkatoliki, na nasikia huko lilisifiwa sana. Mimi nikachukua jagi na beseni nikawanawisha wageni mikono, mmoja mmoja, mzee mzima nimeinama. Shemeji alipofika zamu yake alinawa taratibu sana, akarudia.

"Kucha pia, shemeji."

"Nitakumwagia kichwani."

Nikafika kwa mwenyekiti. Alinyoosha mikono, maji yakapita, akayakung'uta. "Barua njoo uchukue Jumapili," akasema. "Na mbuzi mwingine umlete Pasaka."

Nilimletea wawili.

Sasa harusi! Paroko alipanga hivi: Misa moja, ndoa mbili. Kwanza wazazi, halafu watoto. Mtaa mzima ulisikia na mtaa mzima ulikuja, wa kanisani na wa misikitini, hata wale wapangaji wa wizarani wasiojua jina la mtu. Mke wangu alikataa gauni jeupe, alisema jeupe ni la binti, akashona kitenge cha bluu na kilemba cha kusimama. Asubuhi ile alikuwa amevaa saa kumi na mbili, Misa ni saa nne. Nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda, mikono magotini, kilemba kinakaribia dari.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Naogopa utabadili mawazo njiani."

"Suti imenibana, siwezi kukimbia."

Kanisani tulipita katikati mimi na yeye, nyuma yetu binti na mchumba wake. Shemeji alisimama upande wake kama shahidi, amevaa tai, na nilipompita alininong'oneza, "Hongera shemeji, nasikia umeoa. Huyu mpya anapika mlenda?" Padri akaniuliza kama nimekuja kwa hiari yangu, bila kulazimishwa. Kanisa zima lilicheka kabla sijajibu! Hata padri alibana midomo.

Nikasema, "Kwa hiari. Na nimechelewa."

Padri alisema jibu halimo kwenye kitabu lakini analipokea. Pete ilikataa kuingia kwenye kidole changu, vidole vya mawe hivi, mke wangu akaisukuma kwa nguvu zote mpaka ikaingia, na vigelegele vilivyopigwa pale navisikia mpaka sasa. Kisha binti naye, maskini, akaolewa vizuri sana, lakini watu walikuwa wameshamaliza sauti kwa mama yake.

Halafu kikafika kile nilichokuwa nakingoja kuliko pete. Watu wakaanza kuinuka kwenda kupokea. Mimi kwa kuwa ni wa kanisa jingine sipokei, paroko alinieleza mapema, nikakubali. Wanawake wa benchi letu walipokuwa wanatoka, wa kwanza akaniwekea mkoba wake pajani bila kuniangalia. Wa pili naye. Wa tatu akaniachia mkoba na mtoto. Nikabaki na mikoba mitano na mtoto mmoja, nikashtuka, nikaelewa: hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mke wangu Jumapili zote. Hakuwahi kuniambia. Angeniambiaje?

Yeye alikuwa bado amesimama karibu yangu, hajaingia kwenye mstari. Mdogo wake alikuja kutoka upande wa pili, akasema naye kwa lugha yao, maneno mawili matatu ya kualika ulimi, akampa mkono, naye akaenda. Nikanyoosha shingo juu ya mikoba. Kilemba cha bluu kikawa kinasogea, watu watano mbele yake, watu watatu, mmoja. Kikainama. Kikainuka.

Mtoto niliyepewa akaanza kulia na sikumsikia.

Mke wangu alirudi akipita katikati ya watu bila kumwona mtu, akapiga magoti kando yangu, akafunika uso kwa mikono. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimejaa, nataka kumuuliza ikoje, nataka kumwambia nilimwona, nataka kumwambia chochote! Nikamgusa kiwiko.

"Mama watoto."

"Subiri," akasema ndani ya viganja vyake. "Nina mgeni."

Nikasubiri. Mstari ukaisha. Padri akakaa. Kwaya ikamaliza, watu wakaketi wote, benchi zikalia, wenye mikoba wakachukua mikoba yao, mwenye mtoto akachukua mtoto. Yeye bado amepiga magoti. Binti yangu akageuka kutoka kiti cha maharusi, shela imempanda begani, akatutazama na kuniuliza kwa macho kama mama ni mzima, amfuate. Nikamtikisia kichwa. Nikamwambia kwa mdomo bila sauti: mwache, asiharakishwe na mtu.